UZI: Mgonjwa wa neva au misuli, miguu haina nguvu. Afanye mazoezi gani atembee vizuri? Tuongee kwa kina

Fizio wa Mkoani (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Kila baada ya muda naona mtu anauliza humu, ndugu yangu miguu imelegea, daktari kasema ni ugonjwa wa neva au wa misuli, afanye zoezi gani? Na majibu ni yaleyale mawili. Kuna wa "mpelekeni gym akaze, mnamdekeza huyo", na kuna wa "mwacheni apumzike asije akamaliza hata hicho kidogo kilichobaki". Mimi ni fizio (mtaalamu wa tiba ya mazoezi), nafanya kazi hospitali ya mkoa, na waliopewa ushauri wa aina zote mbili huwa naletewa mimi. Mmoja anafika mapaja yamevimba hata kitanda cha vipimo hawezi kupanda, mwingine kalazwa ndani miezi na miezi mpaka magoti yamejikunja hayanyooki tena. Inaniuma sana kwa sababu vyote viwili vinaepukika. Kwahiyo leo naandika kirefu, mwenye haraka ahifadhi asome usiku.

Kwanza tunamwongelea nani. Siyo mwenye kiharusi, kile ni cha ubongo na mazoezi yake yana njia nyingine kabisa. Hapa ni pale shida ilipo kwenye neva inayotoka uti wa mgongo kwenda kwenye msuli (polio, Guillain-Barré, Charcot-Marie-Tooth ya kurithi), au pale neva inapokutana na msuli (miasthenia), au msuli wenyewe (distrofia, yaani magonjwa ya kurithi yanayodhoofisha misuli taratibu, kama Duchenne, Becker na ndugu zao). Mnaona ni magonjwa tofauti, na ndo maana mtu akikupa zoezi bila kuuliza jina la ugonjwa wewe muogope.

Sasa kabla ya zoezi lolote kaa chini umwangalie mgonjwa anavyotembea, mvalishe kaptula, atembee mita kumi kwenda na kurudi, we angalia tu. Mwendo unasema msuli upi umechoka.

Akiyumba kulia kushoto, ule mwendo wa bata, hapo misuli ya pembeni ya nyonga ndo haina nguvu. Ukisimamia mguu wa kulia, misuli ya pembeni ya nyonga ya kulia ndo inayoshikilia kiuno kisidondoke kushoto, sasa ikishindwa mwili wote unalazimika kuegemea upande huo ili mtu asianguke. Akiwa ananyanyua goti juu sana halafu mguu unatua chini kwa kishindo, paa, au ncha ya kiatu inaburuta mpaka soli imelika mbele, hapo ni misuli ya mbele ya ugoko, ile inayokunja kifundo kwenda juu. Akisukuma paja kwa mkono kila akikanyaga, au goti linarudi nyuma kupita kiasi, hiyo ni misuli ya mbele ya paja. Na yule anayetembea vizuri tu tambarare ila hana msukumo, hatua fupi, mlima unamshinda, mwangalie vigimbi, mwambie achuchumie kwa mguu mmoja uone kama kisigino kinanyanyuka.

Ukishajua msuli, swali la pili ambalo watu wanaliruka: huo msuli unaweza kunyanyua uzito wa mguu wenyewe? Kama unaweza, na unabaki na akiba kidogo, huo ndo wa kufanyia mazoezi ya kuongeza nguvu. Kama hauwezi hata kunyanyua mguu hewani usiufungie uzito wowote, unautesa bure. Huo unausaidia kwa njia nyingine, kwa kuuchezesha umelala mguu ukiteleza sakafuni na soksi, au ndani ya maji, au kwa kuvaa kifaa. Nguvu zako za mazoezi zipeleke kwenye misuli jirani ambayo bado ina kitu.

Mazoezi yenyewe ni ya kawaida na hayahitaji mashine. Kuinuka kwenye kiti ndo namba moja kwangu, anza na kiti kirefu, ongeza mito juu yake mpaka mtu aweze kuinuka bila kujivuta, halafu wiki zinavyokwenda unapunguza mto. Kulala chali magoti yamekunjwa unanyanyua makalio, hilo ni la makalio na nyuma ya paja. Kulala ubavu na kunyanyua mguu wa juu, goti limenyooka, kisigino kikielekea nyuma kidogo, usiache mguu uje mbele maana ukija mbele msuli mwingine unaiba kazi. Kama kunyanyua hawezi basi alale chali ateleze mguu kwenda pembeni. Kuchuchumia ukiwa umeshika dirisha. Kukaa kitini kisigino chini unanyanyua vidole na nyayo. Kukaa na kunyanyua goti kama unaandamana. Mwisho kupanda tofali moja na kushuka, umeshika ukuta, ila hilo la kushuka nitalirudia maana lina mambo yake.

Kipimo sasa. Hapa ndo pana kazi. Chukua uzito au urefu wa kiti ambao mgonjwa angeweza kurudia mara kumi na tano au ishirini akijitahidi sana, halafu mwambie aishie mara kumi. Ndiyo, aache akiwa bado anaweza. Apumzike dakika mbili, arudie. Siku tatu kwa wiki, siyo mfululizo. Wakati anafanya awe anaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Kesho yake asubuhi ndo unapata jibu: kama ameamka kama alivyo siku zote, kipimo ni sahihi. Kama ameamka mguu mzito kuliko jana, au maumivu yanapita siku moja mpaka ya pili, umezidisha, punguza nusu. Na mkojo ukiwa na rangi ya kokakola au chai ya rangi baada ya mazoezi huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo, msuli umevunjika unamwaga vitu kwenye damu na figo zinaweza kuumia.

Moyo pia. Duchenne, Becker, distrofia yenye misuli inayokaza isiachie (ile ya mayotonia), hizi zinaweza kugusa moyo na pumzi. Kipimo cha umeme wa moyo kwanza, mazoezi baadaye. Mgonjwa akiwa anaamka na kichwa kinauma kila asubuhi mwambieni daktari, inaweza kuwa usiku hapumui vya kutosha.

Maswali karibuni.

---

Mkwaju

Mkuu nakuheshimu ila hapo kwenye kuacha ukiwa bado unaweza sijakuelewa. Mimi niko gym miaka, msuli haukui mpaka uuchane, ule uchungu wa kesho yake ndo msuli unajengeka. Huyu mgonjwa akifanya kidogokidogo hivyo si atabaki palepale?

---

Fizio wa Mkoani

Mkwaju swali zuri na ndo swali la watu wengi, asante kwa kuliweka wazi. Kwako wewe ni kweli, maana msuli wako ukichanika kidogo mwili una malighafi ya kuurudishia. Mtu wa distrofia ndo hicho hasa anachokosa. Kwenye Duchenne inakosekana protini iitwayo distrofini, kazi yake ni kuulinda utando wa msuli usipasuke msuli unapofanya kazi. Bila hiyo kila mkazo mkubwa unaacha tundu, mwili unaziba na mafuta na makovu badala ya nyama.

Na hii siyo hisia yangu. Mwaka 1993 kuna watafiti wa Marekani walichukua watu wenye magonjwa ya neva na misuli yanayoenda taratibu, wakawapa mazoezi ya uzito wa wastani wiki 12, nguvu ikaongezeka na hakuna aliyeumia. Mwaka 1994 wakarudia kwa uzito mkubwa, wiki 12 hizohizo. Hakukuwa na faida ya ziada juu ya ile ya wastani, na vipimo vingine vya nguvu vilishuka. Yaani ulibeba mzigo mkubwa zaidi ukapata kilekile, na wengine wakarudi nyuma. Mapitio ya Cochrane (mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba) ya 2019 nayo hayakukuta dalili kwamba mazoezi ya wastani yanawadhuru, japo yamesema pia faida yake kwenye nguvu ni ndogo na tafiti bado ni chache. Kwahiyo mimi simwahidi mtu muujiza. Namwambia tutalinda ulichonacho, tutaongeza kidogo panapoongezeka, na kutembea kwako kutakuwa kwa uhakika zaidi.

Halafu lile la kushuka. Msuli unapofanya kazi huku unarefuka, yaani unaposhuka ngazi, unapokaa taratibu kwenye kiti, unapoteremka mlima, hapo ndo unaumia zaidi kuliko unapopanda. Ndo maana wenye distrofia nawaambia inuka kwa miguu, kaa kwa kusaidiwa na mikono. Panda tofali, kushuka shika kwa nguvu.

---

Mama Wawili

Kaka asante mno. Mwanangu ana miaka saba ana Duchenne tumeambiwa mwaka huu. Anatembea kwa kuchuchumia, visigino havigusi chini. Watu kila nikipita naye wananiambia mkandamize visigino vishuke, mfundishe kukanyaga vizuri, kuna mmoja kaniambia nimfunge vibao mchana kutwa. Mimi sijui nifanye lipi nimechoka na maneno.

---

Fizio wa Mkoani

Pole sana dada yangu, na usikubali hivyo vibao vya mchana. Nisome taratibu hapa.

Huyo mtoto hachuchumii kwa ubishi. Misuli yake ya mbele ya paja imepungua nguvu, akikanyaga kisigino uzito unaangukia nyuma ya goti, goti linakunjika, anadondoka. Kwa kuchuchumia na kubinua kiuno anausogeza uzito uje mbele ya goti, goti linajifunga lenyewe. Ni akili ya mwili. Ukimlazimisha visigino chini mchana kutwa unaweza kumwondolea mbinu inayomsimamisha, wapo watoto waliotembea kwa vidole vizuri tu, baada ya mshipa wa kisigino (ile kano ya nyuma ya kifundo) kurefushwa kwa upasuaji kupita kiasi wakaacha kutembea.

Kinachotakiwa ni hivi, huo mshipa usikaze zaidi. Kila siku, jioni baada ya kuoga mwili ukiwa wa moto, alale chali goti limenyooka, wewe shika kisigino kwa kiganja nyayo yake ikilalia mkono wako, vuta taratibu kidole gumba kije kwake, hesabu mpaka thelathini, mara kadhaa kila mguu. Asilie. Akilia umezidisha. Kile kifaa cha plastiki cha kushika kifundo avae usiku amelala, hapo hakimzuii kitu. Mchana mwache atembee anavyotembea.

Mazoezi ya uzito kwake hapana. Kwake ni kuogelea kama mnapata maji salama, baiskeli ndogo tambarare, michezo yake ya kawaida na kupumzika akitaka mwenyewe. Kuruka ruka na kuteremka ngazi nyingi punguza, ongea na mwalimu wake shule asimlazimishe mchakamchaka. Na muulize daktari kuhusu dawa za steroidi kama bado hajaanzishiwa, zinawaongezea hawa watoto muda wa kutembea.

---

Mama Wawili

Mungu akubariki kaka. Huyo mwalimu nitaenda kesho.

---

Kobe wa Likoni

Daktari shikamoo. Mimi niko Mombasa, nina hiyo Charcot-Marie-Tooth, babangu alikuwa nayo na dada yangu pia. Shida yangu ni kujikwaa, nikitembea kutoka feri hadi kazini nikifika mapaja yote yamechoka yaani hapa mbele kwenye kinena ndio pananiuma, wala si kwenye mguu chini ambako ndiko kuna ugonjwa. Kwa nini? Na vidole hivi nivifanyie mazoezi vinyanyuke ama ni kupoteza wakati?

---

Fizio wa Mkoani

Marahaba ndugu yangu. Umejielezea vizuri kuliko barua nyingi za rufaa ninazopokea.

Nyayo yako ikining'inia, ili isiburute unalazimika kunyanyua goti juu zaidi ya mtu mwingine, kila hatua, maelfu ya hatua. Kazi hiyo ni ya misuli ya mbele ya nyonga, inayokunja paja. Inachoka yenyewe, na ikichoka ndo unaanza kujikwaa, angalia utaona unajikwaa zaidi mwisho wa safari kuliko mwanzo. Kwahiyo kwako zoezi la kunyanyua goti ukiwa umekaa lipe kipaumbele. Fungia soksi yenye mchanga nusu kilo juu ya goti ukiona ni rahisi, au tumia kipande cha tyubu ya baiskeli, kipimo kilekile nilichosema juu. Ongeza na la pembeni ya nyonga. Misuli hii ya juu kwenye ugonjwa wako bado ina akiba.

Kuhusu vidole na kifundo inategemea umri na kilichobaki. Kuna utafiti wa Australia uliotoka 2017, walichukua watoto wa miaka 6 hadi 17 wenye ugonjwa kama wako, wakawapa mazoezi ya kunyanyua nyayo kwa uzito wa wastani mara tatu kwa wiki, miezi sita. Walipopimwa baada ya miaka miwili udhaifu wa ule msuli ulikuwa umeenda polepole kuliko kwa wenzao, na mazoezi hayakuwadhuru. Kwahiyo watoto wako kama wanao na bado wananyanyua, waanze mapema. Wewe ukikaa, kisigino chini, nyayo inanyanyuka? Ikinyanyuka endelea nalo. Kama hata haisogei acha, tafuta kifaa cha kushika kifundo, kinachoingia ndani ya kiatu, hapo safari ya feri utaiona imefupika kwa sababu paja halitakuwa linafanya kazi mbili. Hapo Mombasa APDK (chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya) wana karakana ya vifaa, anzia huko. Kwa wa huku kwetu Tanzania hospitali ya CCBRT Dar wanatengeneza, na hospitali ya KCMC Moshi ambako ndo kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa hivi vifaa.

Kitu kimoja, kagua nyayo zako kila jioni. Ugonjwa wako unaweza kuleta ganzi miguuni, na ganzi inaficha vidonda.

---

Mzee wa Kahama

Mwanangu nimesoma yote. Nilipata polio nikiwa mtoto mdogo, mguu wa kushoto ukapooza, nikakua nao, nimelima, nimeendesha baiskeli, nimesomesha watoto. Miaka hii ya karibuni naona mguu wa kulia ule mzima ndio unaishiwa nguvu, na uchovu siuelewi. Wanangu wananiambia baba ni uvivu wa uzee fanya mazoezi. Nimejaribu kutembea kila asubuhi ila nazidi kuchoka.

---

Fizio wa Mkoani

Shikamoo mzee wangu. Siyo uvivu hata kidogo na hao watoto naomba wasome hapa.

Polio iliua sehemu ya seli za neva zinazoendesha misuli. Zile zilizobaki zikaota matawi mapya zikazishika nyuzi za misuli zilizoachwa yatima, seli moja ikawa inafanya kazi ya seli kadhaa kwa miaka yote hiyo uliyolima na kuendesha baiskeli. Baada ya miaka kumi na tano, thelathini, arobaini, matawi yanaanza kukatika. Na mguu uliokuwa unauita mzima mara nyingi uliguswa pia kidogo bila kujulikana, halafu ndo uliobeba mzigo wa wote wawili. Hali hii inajulikana kitaalamu, ni matokeo ya baadaye ya polio. Afrika tulitangazwa Agosti 2020 kwamba virusi vya asili vya polio vimetokomezwa, ila wazee wetu waliougua wako hai na madaktari vijana wengi hawajawahi kuwaona.

Kwako mzee matembezi ya kila asubuhi mpaka uchoke simamisha kwanza. Gawa. Dakika tano, kaa, dakika tano tena, ukipumzika kabla uchovu haujafika. Mazoezi ya nguvu yafanye kwenye misuli ambayo haijadhoofika au imedhoofika kidogo tu, kuinuka kwenye kiti kirefu mara tano sita, siku moja ndiyo siku mbili hapana. Mguu wa kushoto uliopooza usiusumbue. Fimbo ishike mkono wa kulia kama nyonga ya kushoto ndo dhaifu zaidi, yaani upande wa pili wa udhaifu. Na umwone daktari kwanza apime damu na tezi ya shingo, uchovu una sababu nyingine pia zinazotibika.

---

Binti Mzigua

Dada yangu ana miasthenia anakunywa piridostigmini. Asubuhi anatembea mpaka sokoni, saa kumi jioni hata kuinuka mkekani hawezi. Afanye mazoezi saa ngapi?

---

Fizio wa Mkoani

Kama saa moja hivi baada ya kumeza dawa, wakati wa ubaridi, asubuhi. Joto linawazidishia udhaifu hawa, jua la mchana aliepuke na maji ya moto sana pia. Afanye kwa vipande vifupi apumzike katikati, aanze na misuli mikubwa ya mapaja na nyonga. Siku ambayo kope zinashuka au kumeza kunamsumbua hakuna mazoezi, na akianza kukosa pumzi ni hospitali haraka sana. Halafu mwambie asinunue dawa dukani bila kutaja ugonjwa wake, siprofloksasini na gentamisini kwa mfano zinaweza kumwangusha kabisa.

---

Mjukuu wa Songea

Mkuu mdogo wangu ana Guillain-Barré, katoka hospitali mwezi uliopita, anasimama kwa kushikiliwa ila nyayo hazinyanyuki kabisa. Mzee nyumbani anataka tumfanyishe mazoezi asubuhi mchana na jioni ili arudi shule haraka. Tufuate ratiba ipi?

---

Fizio wa Mkoani

Pole kwa mdogo wako, na mwambie mzee kwa heshima kwamba neva haiharakishwi. Kama ganda tu la neva ndo liliharibika anaweza kurudi kwa wiki na miezi. Kama uharibifu ulifika kwenye uzi wa neva wenyewe, unaota upya kama milimita moja kwa siku, na kutoka kiunoni mpaka msuli wa ugoko ni zaidi ya nusu mita, pigeni hesabu. Ndo maana mapaja yanatangulia na nyayo zinakuja mwisho.

Kwa sasa kifundo kivutwe taratibu kila siku kisikaze, usiku kifaa cha kushika nyayo isining'inie. Nguvu anzeni juu, kunyanyua makalio, kuinuka kutoka kitanda kirefu, kusimama ameshika meza huku uzito ukihama mguu hadi mguu. Vipindi vifupi, mtu akianza kutetemeka mmechelewa kumpumzisha. Akiamka kesho dhaifu kuliko jana mara mbili mfululizo simamisheni mrudi kliniki, isije ikawa ugonjwa unarudi.

Naomba uniandikie hapa mambo matatu nikupangie vizuri: akilala chali ananyanyua mguu ulionyooka kutoka kitandani? Akikaa ukingoni mwa kitanda ananyoosha goti mpaka mwisho? Na kutoka kitini anainuka mara ngapi kabla hajaomba kusaidiwa? Pima jioni, kisha pima tena asubuhi, uandike zote mbili.